Namna ya Kwenda The O2 na Kurudi Umesikia Muziki

Kwanza hakikisha unakwenda The O2 yenyewe. London ina kumbi kadhaa zenye jina hilo, kwa kuwa kampuni ya simu iliyolinunulia jengo hili jina iliyanunulia na mengine. Brixton, kusini mwa jiji, kuna O2 Academy. Magharibi kuna O2 Shepherd's Bush Empire. Kaskazini, Kentish Town, kuna O2 Forum. Halafu Finchley Road kuna O2 Centre, jengo la maduka lisilo na udugu wowote na kampuni hiyo, nalo liko kwenye njia ya treni ya Jubilee, ileile inayofika The O2, ila upande wa pili wa jiji. Mgeni aliyepigilia suti nyeupe akatokeza hapo saa mbili usiku akiulizia jukwaa ataelekezwa kwenye bidhaa za jikoni. Mwaka 2012, wakati wa Olimpiki, mambo yaligeuka zaidi: The O2 yenyewe ilivuliwa jina ikaitwa North Greenwich Arena, kwa kuwa kanuni za michezo hazikuruhusu jina la kampuni isiyo mfadhili. Wewe shika maneno mawili tu, North Greenwich. Shuka kituo hicho, panda ngazi za umeme, toka nje. Hema jeupe lenye nguzo 12 za manjano litakuwa mbele yako, na hata bibi aliyesahau miwani ataliona.

Pili, ijue nyumba unayoingia, maana historia yake ndiyo itakayokufundisha adabu za ndani. Kwenye rasi hii ya North Greenwich palikuwa na kiwanda cha gesi, na udongo wake ulikuwa umelowa sumu kiasi kwamba ulipaswa kusafishwa kabla ya kujenga chochote. Hema lilichorwa na kampuni ya msanifu Richard Rogers ili kuukaribisha mwaka 2000. Kipenyo chake ni mita 365, kimo chake katikati ni mita 52, na nguzo zake 12 zina urefu wa mita 100 kila moja. Siku, wiki na miezi ya mwaka, vyote vimo kwenye ramani ya jengo. Fedha zilizotumika zilikaribia pauni milioni 800, nyingi zikitoka kwenye bahati nasibu ya taifa. Ndani wakajaza maonyesho ya kila aina, likiwamo sanamu la mwili wa binadamu lililokuwa kubwa hata watu wakatembea ndani yake.

Walitarajiwa wageni milioni 12. Walikuja kama milioni 6.5. Waliokuja kwa hamu kubwa kuliko wote walikuwa wezi. Kati ya vitu vilivyoonyeshwa humo ilikuwamo almasi iitwayo Millennium Star, karati 203, iliyotoka Mbuji-Mayi, Kongo, mwaka 1990 wakati nchi hiyo ikiitwa Zaire. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 2000 wezi walilivunja eneo kwa katapila, huku boti ya kasi ikiwangoja mtoni. Polisi walikuwa na habari zote mapema. Baadhi yao walijivika nguo za wafagiaji, na mawe ya thamani yalikuwa yamekwisha kubadilishwa kwa ya bandia. Wizi uliishia palepale. Mwisho wa mwaka huo maonyesho yalifungwa, na kwa miaka kadhaa hema likakaa likipigwa na upepo wa mto huku magazeti yakilisema vibaya.

Kilicholiokoa ni muziki. Kampuni ya Kimarekani ya AEG ilijenga ukumbi wa watu wapatao 20,000 ndani ya hema, mithili ya kiini ndani ya yai. Kreni ndefu hazikuweza kusimama chini ya paa lile la kitambaa, basi paa la ukumbi liliunganishwa chini, kisha likanyanyuliwa zima kwa mitambo. Tarehe 24 Juni 2007 Bon Jovi wakafungua. Mwezi wa Agosti akaja Prince, akapiga usiku 21 mpaka Septemba, kiingilio pauni 31 na senti 21. Desemba wakaja Led Zeppelin kwa usiku mmoja, na waombaji wa tiketi walihesabiwa kwa mamilioni. Jengo ambalo nchi nzima ililiita hasara likawa miongoni mwa kumbi zenye shughuli nyingi kuliko zote duniani, bila kuongezewa sanamu hata moja la kutazama. Kwa hiyo kila agizo linalofuata hapa lina kazi moja: kuyafikisha masikio yako kitini, mapema, yakiwa mazima na yenye hamu.

Nunua tiketi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa ajili ya ndugu zangu wenye imani kwamba mlangoni hakosi kuwapo mtu anayemjua shemeji. Hayupo. Mabaunsa wa pale hawana shemeji. Kuzamia tamasha ni jambo linalochekesha likisimuliwa barazani, ila Desemba 2022, kwenye ukumbi wa Brixton niliokwisha kuutaja, msongamano mlangoni katika tamasha la Asake uliua watu wawili. Mmoja alikwenda kazini, mwingine kwenye burudani, hawakurudi. Umati uliokuwa nje ulikuwa na watu wengi wasio na tiketi. Mwaka uliofuata Asake alipiga The O2 yenyewe. Kama huna tiketi usiku wa tamasha, baki nyumbani, pika pilau, weka nyimbo za msanii wako kwenye spika. Hakuna atakayekulaumu.

Tiketi yenyewe inakaa kwenye simu, kwa hiyo simu isiyo na chaji ni sawa na kutokuwa na tiketi. Chaji simu nyumbani, beba na pawabanki, na uache kurekodi kila kitu njiani. Walanguzi watakaokuzonga nje ya kituo wakikunong'oneza bei, wapite kwa salamu na uendelee kutembea. Ukiona tiketi imekatwa kwa jina la mtu mwingine na anayeiuza hataki kuonyesha uso, umekwisha kujibiwa. Nao watu huthamini karatasi ya tiketi kuliko unavyodhani: Michael Jackson alitangaza matamasha hapa Machi 2009, yakafika 50, akafariki tarehe 25 Juni kabla ya lile la kwanza. Mashabiki walipopewa hiari ya kurudishiwa fedha au kuchukua tiketi ya kumbukumbu, wapo waliochagua tiketi. Nawaelewa kabisa.

Sasa saa. Tiketi ikisema milango inafunguliwa 18:30, hiyo ni saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu. Hakuna nyongeza ya saa mbili za heshima. Kwetu tumezoea msanii mkubwa apande jukwaani usiku wa manane, baada ya wachekeshaji watatu, mfadhili na mkuu wa wilaya. Hapa mara nyingi msanii mkuu anakuwa ameanza kabla ya saa tatu na nusu usiku, na ikifika saa tano muziki unazimwa, kwa kuwa majirani wanalala na treni zina ratiba. Machi 2013 Justin Bieber alichelewa sana kupanda jukwaa hili. Wazazi waliwaondoa watoto kabla onyesho halijaisha ili wawahi usafiri, na suala hilo likawa habari ya nchi nzima. Ndiyo uzito wa saa katika mji huu. Umwahi hata anayetangulia. Msanii wa kufungua pazia amengoja miaka mingi kupata zile dakika 30, na viti vitupu mbele yake vinamuumiza. Mpigie makofi ya nguvu.

Ukiwa bado kwenye saa, kumbuka mstari wa longitudo sifuri unapita kwenye ukingo wa magharibi wa eneo hilihili. Dunia nzima inapangia saa zake hapa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi. Ukimpigia mama Mbagala kwa video katikati ya onyesho la Desemba ili aone taa, kwake ni baada ya usiku wa manane, na kitu cha kwanza atakachouliza ni nani amefariki. Mpigie kesho.

Njia ya kufika ni treni ya Jubilee. Kutoka Stratford ni vituo vitatu, kutoka Canary Wharf ni kimoja, na kadi ya benki unayogusisha mlangoni inatosha. Mwenye nafasi aje kwa boti ya Thames kutoka katikati ya jiji. Atapita chini ya Tower Bridge, atashuka gati ya North Greenwich palipo na sanamu la Antony Gormley la vyuma vilivyosokotana ambalo kadiri unavyolikaribia ndivyo mtu aliyemo ndani anavyopotea. Upande mwingine wa ukingo kuna kipande cha meli, kipande kweli, kimekatwa wima kama mkate na msanii Richard Wilson na kuachwa kwenye matope. Vyote ni bure. Kuna pia vigari vya angani vilivyofunguliwa mwaka 2012, vinavyovuka mto hadi upande wa bandari za zamani. Nenda navyo mchana, siku nyingine, na mtu unayempenda. Siku ya tamasha usiongeze vyombo vya usafiri. Gari binafsi usilete kabisa, labda kama unapenda kusikiliza redio ukiwa umesimama.

Na kupanda juu ya paa? Inawezekana, tangu 2012. Unavikwa nguo maalumu, unafungwa mkanda kwenye waya, unatembea juu ya kitambaa kinachotikisika mpaka kileleni, mita 52. Utaliona tundu kubwa kwenye paa, lililoachwa kwa ajili ya mnara wa kupitishia hewa wa njia ya magari ya Blackwall inayopita chini ya ardhi. Paa hilo lilichanwa vibaya na dhoruba iliyoitwa Eunice tarehe 18 Februari 2022, likatengenezwa na kubadilishwa vitambaa. Ni raha ya kweli. Ila usiipange siku moja na tamasha ikiwa kiti chako kiko juu, kwa sababu nitakazoeleza.

Ndani ya hema, kuzunguka ukumbi, kuna mtaa mzima wa mikahawa, sinema, mchezo wa kuangusha pini, na tangu 2018 maduka ya nguo za bei iliyopunguzwa. Kuingia hapo hakuhitaji tiketi. Hapa ndipo jamaa wengi wanapopotelea. Wanafika saa kumi na moja, wanaona viatu vimeshushwa bei nusu, wifi anasema "tuchungulie tu," na saa tatu kasoro wanakimbia wakiwa na mifuko minne ambayo mabaunsa hawataki hata kuiona. Mtaa ule una jambo la ajabu: ukumbi una kuta zake nzito na paa lake, hivyo mtu anaweza kukaa mita chache kutoka kwa mwimbaji ambaye amelipia kumwona, akala baga, asisikie kitu. Kaa na saa mkononi.

Kuhusu mkoba. Kipimo kinachoruhusiwa hutangazwa na ukumbi kabla ya onyesho, nacho ni kidogo. Kisome. Shangazi, nakuomba kwa heshima zote: sambusa zako ni tamu kuliko chochote kinachouzwa mle, na mkoba wako umelea watoto saba, lakini hautapita. Zile kanga mbili za akiba, chupa ya chai, mwavuli, dawa ya mbu, albamu ya harusi ya kuonyesha watu, viache nyumbani. Beba simu, kadi, dawa zako ikiwa unatumia, na vizibo vya masikioni. Noti hazina kazi mle ndani, watu wanalipa kwa kadi. Kula ushibe kabla ya kuingia kwenye hema, maana bei za ndani zimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye njaa asiye na mahali pengine pa kwenda. Kisha kunywa maji, hasa ikiwa umechagua kusimama mbele. Watu huzimia kule kwa kiu na joto, na kuzimia wakati wimbo unaoupenda ndiyo kwanza unaanza ni hasara isiyorudishwa na bima yoyote.

Kusimama au kukaa? Sakafuni, mbele ya jukwaa, unapata jasho la msanii na kiwiko cha jirani. Kama kimo chako ni cha wastani, utapata pia mgongo wa kijana wa futi sita na nusu. Vijana waende. Ngazi ya kwanza, vile viti vyenye namba za mia moja, ndipo ninapowapeleka wazazi: unaona, unasikia, unafika chooni. Ngazi ya nne, namba za mia nne, ni mwinuko mkali kuliko unavyoonekana kwenye picha. Utapanda ngazi za umeme moja baada ya nyingine, halafu vidato vyembamba vya zege, na ukikaa utaona vichwa vya watu wa mbele yako viko usawa wa magoti yako. Mwenye kizunguzungu cha mahali pa juu asikae huko hata akipewa tiketi bure. Wengine wasidharau. Aliyewahi kuingia BK Arena ya Kigali, inayochukua watu kama 10,000, azidishe nyomi lile mara mbili kisha ajiweke juu yake: sauti ya watu elfu ishirini wakiitikia kibwagizo inapanda, inagonga paa na kurudi kifuani mwako. Sakafuni huipati hivyo. Davido aliujaza ukumbi huu Januari 2019, Burna Boy Agosti 2021, Wizkid usiku tatu mwishoni mwa mwaka huohuo, na waliokuwa juu waliliona jambo ambalo waliokuwa mbele walilihisi migongoni tu: ukumbi mzima wa London ukiimba Kiyoruba na Kiingereza cha Lagos kana kwamba ndiyo lugha ya shule. Natamani kuusikia mle mwitikio wa Kiswahili wa ukubwa huo. Namtamanishia kila mtoto wa Kiswahili anayekulia Barking au Reading akiona haya kuongea lugha ya nyumbani kwenye basi.

Sasa simu, na hapa sina mzaha mwingi. Taa zikizimwa, utaona vioo elfu vinawaka. Watu wamelipa fedha nyingi, wamesafiri, wamepanda vidato vyote vile, halafu wanamtazama mwimbaji kwenye kioo cha upana wa kiganja huku yeye mwenyewe amesimama pale mbele, hai, akihema. Video utakayopata haitakuwa na besi wala sura, na sauti itakayosikika zaidi ni ya jirani yako aliyekosea ufunguo wa wimbo kwa moyo wake wote. Nakupa ruhusa ya wimbo mmoja. Chagua mapema upi, rekodi nusu yake, tuma kwa kundi la familia, halafu tia simu mfukoni na ubonyeze zipu. Muziki wa jukwaani una vitu visivyomo kwenye rekodi: mpiga ngoma anamkonyeza mpiga besi, wimbo unarefushwa kwa sababu watu hawataki uishe, mwimbaji anasahau ubeti na ukumbi mzima unamkumbusha. Prince usiku wake 21 alibadilisha orodha ya nyimbo usiku baada ya usiku. Aliyekuwa anarekebisha mwanga wa kamera hakuyapata hayo.

Wiki moja kabla, sikiliza albamu mpya ya msanii wako. Hili ndilo agizo linalopuuzwa kuliko yote. Kila msanii ataimba nyimbo mpya nne au tano, na ndipo wengi wanapokwenda kununua vinywaji, wakimwacha akiimbia migongo. Ukizijua, utakuwa miongoni mwa wachache waliobaki, na utaona uso wake ukifunguka anaposikia sauti zinamjibu.

Kuondoka kuna ufundi wake. Wimbo wa mwisho ukiisha, watu elfu ishirini wanageukia kituo kimoja cha treni. Wafanyakazi wa kituo huwazuia nje kwa makundi ili jukwaa la treni chini lisijae, na hilo ni jambo jema hata kama miguu inauma. Usitoke wakati wimbo wa mwisho unapigwa ili uwahi foleni. Umekuja kwa ajili ya wimbo huo, na dakika kumi za foleni hazilingani nao. Kaa kitini taa zinapowashwa, waache wenye haraka watangulie, pitia kwenye mkahawa ukale kile chakula ulichokikataa jioni. Mara nyingi kuna boti zinazoondoka baada ya tamasha, ikiwa umekata nafasi mapema, na mabasi kadhaa ya pale hutembea usiku kucha. Ijumaa na Jumamosi treni ya Jubilee hukesha. Siku nyingine angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujatoka nyumbani, uiandike, umwambie na mwenzako. Mkipata siti ndani ya behewa, mpisheni yule dada aliyevaa viatu virefu. Amesimama tangu saa moja.